Kifungu cha 15: kusoma kunavyomfundisha mtu kuwashuku wakubwa

Mapema mwaka 1971 TANU ilitoa andiko fupi lililoitwa Mwongozo. Huko Uganda, Idi Amin alikuwa amempindua Rais Obote wiki chache tu kabla, na Novemba iliyotangulia Wareno walikuwa wameivamia Guinea ya Sékou Touré. Chama kilikuwa na wasiwasi, na sehemu kubwa ya andiko hilo ilihusu wasiwasi huo: ulinzi wa nchi, ukombozi wa Afrika, na jinsi wananchi watakavyoandaliwa kujilinda. Katikati ya hayo yote kulikuwa na kifungu cha 15. Kifungu hicho kilisema kwamba ni mwiko kwa kiongozi wa Tanzania kuwa na majivuno, ubadhirifu, dharau na uonevu.

Inawezekana walioandika waliona ni nasaha tu. Wafanyakazi wa viwandani waliisoma kama sheria.

Kuanzia mwaka huo hadi 1973 migomo ilizuka katika viwanda na mashirika mengi, hasa Dar es Salaam. Mara nyingi madai hayakuwa mshahara. Wafanyakazi walilalamikia meneja anayewatukana, meneja anayewapendelea watu wake, meneja anayetumia mali ya shirika kama mali ya nyumbani kwake. Walipofika kazini walimfungia nje bwana huyo, kisha wakaeleza sababu kwa kutaja kifungu kwa namba. Katika kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, mwaka 1973, walikwenda mbali zaidi: walimfungia nje mwenye kiwanda wakaendelea na uzalishaji wao wenyewe.

Serikali ilijikuta pabaya. Kuwaadhibu watu kwa kunukuu andiko la chama tawala si jambo rahisi kulieleza jukwaani. Kwa muda ilivumilia, katika baadhi ya viwanda hata iliwaondoa mameneja waliolalamikiwa, lakini uvumilivu ulikuwa na mwisho. Polisi waliitwa, wengine wakafukuzwa kazi na kurudishwa makwao vijijini. Mwongozo ulibaki pale pale ulivyoandikwa, isipokuwa sasa kuusoma kwa sauti mbele ya meneja kulikuwa na gharama.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu kinavuruga maelezo mawili tuliyoyazoea kuhusu kusoma na siasa.

La kwanza ndilo wanaloliamini wapiga marufuku wa kila zama: mtu alikuwa ametulia, akapata kitabu, kitabu kikamtia sumu. Kwa hiyo ondoa kitabu, utulivu utarudi. La pili ni kinyume chake, na siku hizi ndilo linalopendwa zaidi na wajuaji: mtu husoma kile anachokubaliana nacho tayari, kwa hiyo kitabu hakibadilishi kitu, kinampigia makofi tu.

Wanahistoria wamelibishania jambo hili kwa muda mrefu kuhusu Mapinduzi ya Ufaransa ya 1789. Robert Darnton alichimba kumbukumbu za wachapaji wa Uswisi waliokuwa wakivusha vitabu vilivyokatazwa hadi Ufaransa, akaona kwamba wasomaji walikuwa wakilishwa kwa wingi hadithi za aibu kuhusu mfalme, masuria wake na mapadri. Kwake, heshima ya ufalme ililiwa na mchwa wa aina hiyo kwa miaka mingi kabla ya kuanguka. Roger Chartier akamuuliza swali zito: mbona makabaila waliokuja kukimbia mapinduzi nao walikuwa wamesoma vitabu vilevile? Akapendekeza kwamba pengine mapinduzi ndiyo yaliyovitengeneza vitabu, kwa maana kwamba watu waliokwisha kuasi walirudi nyuma wakachagua maandiko ya kuwa mababu wa uasi wao.

Hoja ya Chartier ni nzuri, lakini tunao ushahidi wa karibu zaidi unaoonyesha kwamba elimu yenyewe husukuma kitu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika eneo la Busia, magharibi mwa Kenya, kulikuwa na mpango wa kuwafadhili masomo wasichana wa shule za msingi waliofanya vizuri katika mitihani. Shule za kushiriki zilichaguliwa kwa bahati nasibu, na hapo ndipo penye thamani yake. Haikuwa kwamba wazazi wenye msimamo fulani walichagua shule fulani. Wachumi, akiwamo Michael Kremer aliyekuja kupata tuzo ya Nobel mwaka 2019, waliwafuatilia wasichana hao baada ya miaka kadhaa. Walikuta kwamba wale wa shule za mpango walikuwa wepesi zaidi kukataa kipigo cha mume, walijua zaidi mambo ya siasa, na walikuwa wazito zaidi kukubali jambo kwa sababu tu mwenye madaraka amelisema.

Kilichofuata ndicho kisichosemwa sana kwenye hotuba za siku ya elimu. Wasichana hao hawakuonekana kushiriki zaidi katika shughuli za jamii, wala kuwa na nia kubwa zaidi ya kupiga kura, wala kuamini kwamba sauti yao ingesikika. Kulikuwa hata na dalili kwamba waliona matumizi ya nguvu katika siasa yanaweza kuwa halali. Imani yao kwa wakubwa ilikuwa imepungua, ila imani yao kwa njia za kuwabadilisha wakubwa haikuwa imeongezeka.

Kwa hiyo kusoma kunaweza kuzaa shaka. Swali gumu ni shaka ya namna gani, na hapo wafanyakazi wa 1971 wana la kutufundisha.

Hakuna mfanyakazi aliyehitaji Mwongozo kumwambia kwamba meneja wake ana dharau. Aliionja kila asubuhi. Wabenzi na naizesheni, kama walivyoitwa mabwana wapya waliorithi viti vya Wazungu pamoja na magari yao, walikuwa wakisemwa mitaani kitambo. Alichokosa mfanyakazi ni vitu viwili. Kwanza, kipimo kilichokubaliwa na upande wa pili. Bila kifungu cha 15, malalamiko ni wivu, utovu wa nidhamu, au uchochezi. Akiwa na kifungu, anayejitetea ni meneja. Pili, alikosa kujua kwamba wenzake nao wanajua. Chuki ya mtu mmoja kwa bosi wake ni siri ya moyoni, lakini andiko ambalo kila mmoja amelisoma, na anajua mwenzake amelisoma, limekwisha kuwa jambo la watu wote.

Ndiyo maana sikubaliani na picha ya msomaji kama mtu aliyejifungia chumbani na taa yake. Huku kwetu, kwa sehemu kubwa ya karne iliyopita, kusoma kulikuwa kusomeana. Gazeti la Ngurumo lilinunuliwa na mmoja na kuwatosha wengi barazani. Mwaka 1967 takriban theluthi mbili ya watu wazima Tanzania Bara hawakujua kusoma na kuandika. Ilipofika katikati ya miaka ya 1980, takwimu za serikali zilisema ni kama mmoja kati ya kumi tu. Hata ukizipunguza takwimu hizo kwa chumvi ya kiserikali, ni badiliko kubwa mno, na lilifanyika katika vikundi. Kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973 iliwakusanya karibu watu milioni mbili kusikiliza redio pamoja, kusoma vijitabu pamoja, na kujadiliana kuhusu vyoo na mbu. Somo lilikuwa vyoo. Zoezi lenyewe, la watu wa kawaida kukaa na maandishi ya serikali na kuyajadili, lilikuwa la siasa, hata kama waliolipanga hawakulikusudia hivyo.

Nchini Kenya kisa mashuhuri ni cha Ngũgĩ wa Thiong'o. Alipoanza kuandika kwa Kikuyu, riwaya yake ya mwaka 1980 ilisomwa kwa sauti majumbani na kwenye baa, msomaji mmoja akiburudishwa kwa kinywaji ili asisite. Ilipotoka riwaya nyingine, Matigari, mwaka 1986, Ngũgĩ anasimulia kwamba wapelelezi walisikia wanakijiji wakimzungumzia mtu wa jina hilo anayezunguka nchini akiuliza wapi penye ukweli na haki, na amri ikatoka akamatwe. Walipogundua kwamba ni mhusika wa kwenye riwaya, wakakamata vitabu. Watu huhadithia kisa hiki wakicheka, nami hucheka pia, lakini wapelelezi wale hawakuwa wajinga kabisa. Waliona, kwa njia yao ya ajabu, kwamba swali linaloulizwa na watu wengi kwa wakati mmoja lina miguu.

Sasa tuende Mlimani, kwa sababu huko ndiko nadharia ya kwamba wasomaji huwashuku wakubwa inakopata kigugumizi.

Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam waliandamana hadi kwa Mwalimu Nyerere. Walikuwa watu waliosoma kuliko karibu kila Mtanzania wa siku hizo. Walikuwa wanapinga kulazimishwa kwenda Jeshi la Kujenga Taifa na kukatwa sehemu kubwa ya mshahara katika kipindi hicho, na bango lao moja lilidai kwamba ukoloni ulikuwa afadhali. Nyerere aliwafukuza karibu wote waliohusika, takriban 400, akajikata mshahara wake mwenyewe asilimia 20. Hapa vitabu vyote vya maktaba havikuwafundisha kuwashuku wakubwa. Vijana hao walikuwa wanadai nafasi zao miongoni mwa wakubwa.

Miaka mitatu baadaye, chuo kilekile kilikuwa na jarida lililoitwa Cheche, lililochapwa na wanafunzi wenyewe, ambalo mwaka 1970 lilitoa makala ndefu ya Issa Shivji akidai kwamba baada ya Azimio la Arusha tabaka jipya linajijenga ndani ya serikali na mashirika ya umma. Kilichobadilika katikati ni nini? Azimio lenyewe la 1967, ambalo liliwapa kipimo: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na hisa katika makampuni, asiwe na nyumba za kupangisha. Walimu kama Walter Rodney, mwanahistoria kutoka Guyana. Na madarasa ya itikadi ya Jumapili, ambako wanafunzi walisoma Marx, Nkrumah na Frantz Fanon, mwandishi wa ukombozi wa Afrika, kwa kubishana. Novemba 1970 jarida lilipigwa marufuku. Sababu iliyotolewa ni kwamba jina lake lilitokana na gazeti la Lenin, na Tanzania haikuhitaji kuazima itikadi ya kigeni. Chama kilichokuwa kimewapa kipimo hakikupenda kupimwa na vijana.

Mwenyekiti wa kikundi cha wanafunzi hao wa mrengo wa kushoto alikuwa kijana wa Uganda, Yoweri Museveni. Alimsoma Fanon kwa bidii kiasi cha kuandika tasnifu kuhusu nadharia yake ya matumizi ya nguvu, akiipima kwa yale aliyoyaona katika maeneo yaliyokombolewa ya Msumbiji. Fanon ndiye aliyeonya, mwaka 1961, kuhusu viongozi wa baada ya uhuru wanaokalia viti vya mkoloni na kumtumia kiongozi mkuu kama pazia la kufunika ulaji wao. Museveni yuko Ikulu tangu Januari 1986. Ukomo wa mihula ya urais uliondolewa 2005, ukomo wa umri ukaondolewa 2017. Sitii neno zaidi, ila nikisikia mtu akisema kwamba vijana wetu wakisoma vitabu sahihi nchi itapona, humkumbuka msomaji huyu wa Fanon.

Riwaya na nadharia humpa mtu macho ya kutambua aina ya watu: bepari, kibaraka, fisadi. Hasara yake ni kwamba aina hiyo kila mara ni mtu mwingine. Andiko lenye vifungu halitambui aina za watu. Linatambua matendo, na linaweza kumgeukia hata aliyelishika mkononi.

Kuna namna nyingine ya kusoma ambayo leo ndiyo imeenea zaidi kuliko zote, nayo ni ya vipande. Picha ya ukurasa mmoja iliyokatwa juu na chini, ujumbe wa WhatsApp uliosambazwa mara nyingi, kichwa cha habari kisicho na habari. Shaka inayozaliwa humo ni kubwa kuliko ya wafanyakazi wa 1971, kwani inamgusa kila mtu: wanasiasa, madaktari, walimu, tume ya uchaguzi, chanjo. Lakini ina upungufu mmoja ambao haihitaji profesa kuuona. Haiwezi kushindwa. Mfanyakazi aliyedai kwamba meneja amevunja kifungu cha 15 angeweza kuonyeshwa kwamba hapana, huyu hakumtukana mtu, na hesabu hizi hapa. Anayeamini kwamba wote wanadanganya ataona kila ushahidi wa kumpinga ni sehemu ya uongo huohuo. Mtu wa namna hii hujiona mgumu kudanganywa. Kwa kweli ndiye mteja anayependwa na kila kigogo mpya anayejitangaza kuwa si kigogo.

Ndiyo sababu yaliyotokea Kenya mwaka 2024 yanastahili kutazamwa kwa makini zaidi ya picha za moto bungeni. Muswada wa Fedha wa mwaka huo ulikuwa maandishi makavu ya kikodi. Vijana waliuchukua wakaugawana. Mmoja alieleza kwenye TikTok maana ya VAT ya asilimia 16 kwenye mkate, mwingine akakokotoa kodi ya mwaka ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari, wengine wakautafsiri katika lugha za makwao na katika lugha ya ishara. Ukiwauliza kwa nini wako barabarani walitaja ibara ya 37 ya Katiba ya 2010, inayotoa haki ya kukusanyika na kuandamana. Juni 18 serikali ilisema itaondoa kodi ya mkate na ya magari, na kwamba ushuru wa mazingira utagusa bidhaa za kutoka nje tu. Yaani ilijibu kifungu kwa kifungu, kwa sababu ilikuwa imeulizwa kifungu kwa kifungu. Halikutosha. Juni 25 waandamanaji waliingia Bunge, watu wakauawa kwa risasi, na kesho yake Rais Ruto akatangaza kwamba hatausaini.

Kulikuwa na hasira za zamani ndani ya maandamano yale, njaa na ukosefu wa kazi, na hasira hizo hazikuandikwa kwenye muswada wowote. Na si kila aliyepiga kelele alikuwa amesoma. Hata huko Ohio mwaka 1940, Paul Lazarsfeld na wenzake walipochunguza jinsi wapigakura wanavyofikia uamuzi, waligundua kwamba maneno ya magazeti na redio hupitia kwanza kwa wachache wanaofuatilia, kisha hao huwaeleza wenzao. Watu wachache waliousoma muswada kikweli waliwatosha wengi, kama gazeti la Ngurumo.

Mpaka hapa nimezungumzia maandiko ambayo wakubwa waliyatoa hadharani. Upande wa pili ni yale wanayoyaficha, na hayo pia hutengeneza wasomaji, ila wa kukisia. Mwaka 2007 Zitto Kabwe, mbunge wa Tanzania, alihoji bungeni kwa nini mkataba wa mgodi wa Buzwagi ulisainiwa London. Alisimamishwa ubunge kwa miezi, mkataba wenyewe wananchi hawakuuona, na kwa miaka mingi baadaye kila mkataba wa madini ulikuwa wa wizi mpaka ithibitike vinginevyo. Linganisha na Februari 2008. Ripoti ya kamati ya Mwakyembe kuhusu kashfa ya mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond ilisomwa bungeni, nchi nzima ikaisikia, na Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu. Aliyetaka kuipinga ripoti ile alikuwa na kurasa za kuzipinga.

Suala la bandari lilikuwa mchanganyiko wa yote mawili. Makubaliano kati ya Tanzania na Dubai kuhusu bandari za Tanzania yalisainiwa Oktoba 2022, lakini wananchi wengi waliyajua Juni 2023 yalipofikishwa bungeni na nakala yake ya Kiingereza kuanza kuzagaa kwenye simu. Ndani ya siku chache mawakili, mapadri, madereva na wanafunzi walikuwa wakibishana kuhusu ibara ya 23, inayohusu muda na kuvunjwa kwa makubaliano. Zilisambaa pia porojo za kutosha, nyingine zikiwalenga Waarabu kwa Uarabu wao na Rais kwa Uzanzibari wake. Hizo hazikuhitaji ibara yoyote. Mahakama Kuu Mbeya ilitupilia mbali shauri la kuyapinga makubaliano hayo mwezi Agosti, na mwezi huohuo maaskofu Katoliki walitoa tamko la kuyakataa, likasomwa makanisani.

Lililosumbua wengi ni kwamba makubaliano hayakutaja mwaka wa mwisho. Oktoba 22, 2023, mikataba ya uendeshaji wa bandari ya Dar es Salaam ilisainiwa Ikulu ya Chamwino, na viongozi waliposimama kuieleza walihakikisha wanataja jambo hilo: ukomo ni miaka 30, na utendaji utapimwa kila baada ya miaka mitano.